Namna ya kupima kama umbo la chembe nano za fedha linadhuru mizizi

Chembe nano za fedha huwekwa kwenye soksi, bandeji na vichujio vya maji kwa sababu zinaua bakteria. Nguo zikifuliwa, sehemu ya fedha hiyo huishia kwenye majitaka, na tope la majitaka likigeuzwa mbolea hufika shambani. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa matokeo yaliyonivuta katika kazi hii. Mizizi ya nyasi Lolium multiflorum iliyopewa chembe za umbo la mchemraba ilipungua urefu kwa asilimia 5.3 tu, ilhali iliyopewa chembe zinazokaribia tufe ilipungua kwa asilimia 39.6. Kwa bakteria, maumbo hayo yalikuwa na makali yanayofanana.

Jaribio la namna hii unaweza kulifanya katika maabara ya kawaida ya chuo. Ugumu wake ni kuhakikisha kwamba unachopima ni umbo kweli, si eneo la uso wala ioni zilizoyeyuka, yaani atomi za fedha zenye chaji zilizotoka kwenye chembe na kuingia majini.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya uso

Usianze na miligramu. Mchemraba wenye ubavu wa nanomita 50 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita) na tufe lenye kipenyo cha nanomita 50 vina eneo la uso lilelile kwa kila gramu ya fedha, takriban mita za mraba 11.4. Waya mrefu wa kipenyo hichohicho una 7.6 tu. Ukiweka uzani sawa, mbegu zilizo kwenye waya zimepata theluthi moja pungufu ya uso, nawe utasema waya ni mpole. Ongeza uzani wa waya mara moja na nusu, au tafuta waya wa nanomita 33.

Chembe zote ziwe na gamba la aina moja. Michemraba na waya kwa kawaida hutengenezwa kwa msaada wa polima iitwayo PVP, inayobaki juu yake kama gamba, ilhali matufe mengi ya dukani yana gamba la sitrati. Ukizichanganya umeharibu ulinganisho kabla ya kuanza.

Hatua ya 2: Thibitisha umbo

Piga picha kwa hadubini ya elektroni siku ya kwanza na siku ya mwisho. Oksijeni iliyomo majini hula kona za mchemraba taratibu, na mchemraba usio na kona unaelekea kuwa tufe. Kila siku pima pia kwa spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa: matufe madogo hutoa kilele cha ufyonzaji kwenye mawimbi ya karibu nanomita 400, na maji yake huwa ya manjano. Kilele kikihama au kikitanuka, chembe zimebadilika au zimegandana.

Hatua ya 3: Andaa mbegu, na uogope kloridi

Napenda saladi, kwa kuwa mbegu zake ndogo huonyesha madhara mapema. Figili nayo inafaa, na mzizi wake ni rahisi kupima. Loweka mbegu kwenye jiki iliyozimuliwa kwa dakika 10, kisha suuza kwa maji yaliyokenekwa, tena na tena.

Hapa usiwe na haraka. Chukua maji ya mwisho ya kusuuzia, tia tone la nitrati ya fedha, uyatazame mbele ya karatasi nyeusi. Yakiingia ukungu mweupe, hiyo ni kloridi ya fedha: jiki bado ipo, endelea kusuuza. Kloridi ya jiki ingenasa ioni zako za fedha kwenye sahani, na ungepata jibu zuri lisilo la kweli. Kwa sababu hiyohiyo, maji ya bomba yasiguse jaribio hili.

Hatua ya 4: Panga sahani

Tandika karatasi ya chujio kwenye sahani ya petri, mimina mililita 5 za mchanganyiko wa chembe na maji, panga mbegu 15. Funga, weka gizani kwenye nyuzi joto 25 kwa siku tano. Kila umbo liwe na sahani zisizopungua tatu.

Sahani za kulinganishia ni za aina nne: maji matupu, PVP peke yake, nitrati ya fedha, na maji ya kila umbo yaliyopitishwa kwenye kichujio cha kilodaltoni 3 (kipimo cha ukubwa wa molekuli zinazoweza kupita) kwa sentrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi. Kichujio hicho huzuia chembe na kupitisha ioni. Unapopima nitrati, kumbuka gramu 1 ya nitrati ya fedha ina gramu 0.635 tu za fedha.

Hatua ya 5: Pima mzizi

Kuhesabu mbegu zilizoota hakutoshi. Ganda huikinga mbegu, na nyingi huota hata kwenye fedha kali. Madhara huonekana mzizi ukishatoka: ncha ya kahawia, vinyweleo vichache, urefu uliodumaa. Anayepima asijue sahani ni ya umbo gani.

Hatua ya 6: Soma matokeo

Kama maji yaliyochujwa yamedumaza mizizi sawasawa na mchanganyiko kamili, basi umbo limefanya kazi kwa kuharakisha au kuchelewesha kuyeyuka, na hilo ndilo uliandike. Kama mchanganyiko kamili umezidi, na uso ulikuwa sawa, una sababu ya kuzungumzia mpangilio wa atomi kwenye nyuso za chembe na jinsi zinavyoushika mzizi.

Hatua ya 7: Mabaki

Kusanya maji, karatasi na miche kwenye chupa yenye lebo, uikabidhi kwa wanaoshughulikia taka za kemikali chuoni. Usimwage kwenye sinki: fedha hiyo inakwenda kuua bakteria wanaosafisha majitaka ya mji.