Dondoo Moja, Vipindi Viwili: Kufundisha Fasihi na Sarufi ya Kiingereza kwa Pamoja

Karatasi ya pili ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, ina alama 80: ufahamu 20, dondoo la kitabu teule 25, shairi au fasihi simulizi 20, sarufi 15. Shuleni vipande hivi hufundishwa kana kwamba ni masomo manne. Mwanafunzi hupata kumi kwa kumi kwenye zoezi la kauli ya kutendwa, kisha husoma riwaya nzima asiione kauli hiyo hata mara moja. Njia rahisi ya kuziba pengo hilo ni kuchukua dondoo moja fupi na kulikamua pande zote mbili.

Chagua mistari 25 hadi 30, yenye mazungumzo na angalau tendo moja. Kurasa za mandhari matupu ziache kwanza, zinachosha.

Kipindi cha kwanza, lisome dondoo kwa sauti wewe mwenyewe. Ukimpa mwanafunzi anayedodosa maneno, toni inapotea, na toni ndiyo nusu ya maswali. Waulize kilichotokea kabla na baada yake, dakika tano tu, kisha andika sentensi moja ubaoni. Tuseme ni hii, tuliyoibuni:

"I have never taken a cent that was not mine," said the chief, and moved the goat behind the granary.

Chifu anasema nini? Mikono yake inafanya nini? Kwa nini mbuzi afichwe? Darasa likicheka, limeshaona kinaya. Hapo sasa litajie jina lake la Kiingereza, "irony". Ukianza na orodha ya istilahi, watakariri "irony" na "satire" na kuzibandika popote, hata kwenye maelezo ya mvua.

Sentensi hiyohiyo igeuze kuwa usemi wa taarifa: The chief said that he had never taken a cent that was not his. Wengi watabakiza "mine", na wengi zaidi wataandika "has never taken". Chanzo ni Kiswahili: tunasema "chifu alisema kwamba hajawahi kuchukua", na "hajawahi" haibadiliki. Waonyeshe hilo waziwazi, maana kusahihisha bila kutaja chanzo ni kazi ya kurudia kila muhula.

Kisha jaribu kauli ya kutendwa: The goat was moved behind the granary. Uliza nani katoweka. Chifu! Sarufi imemficha mwizi. Hapa ndipo wanaelewa kwamba mwandishi huchagua muundo kwa sababu, na swali la mtindo halitawatisha tena.

Kipindi cha pili ni cha kuandika. Insha ya kitabu teule kwenye karatasi ya tatu ina alama 20, na mgawanyo wa kawaida ni 2 za utangulizi, 12 za hoja nne, 2 za hitimisho na 4 za lugha. Kwa hiyo fundisha aya ya hoja moja kwanza, mistari minane hivi, wala usidai insha nzima. Aya ianze na dai, ifuate hali iliyozaa tukio, ushahidi wenyewe, halafu maelezo ya jinsi ushahidi unavyothibitisha dai. Kinachokosekana karibu kila mara ni hilo la mwisho. Mwanafunzi husimulia hadithi ukurasa mzima akidhani anajibu swali. Mwagize apigie mstari sentensi inayotaja neno la swali, na asipoipata, aya hiyo ni masimulizi tu.

Ukiwa na madaftari 50 mezani, usisahihishe kila kosa. Chagua mawili kwa wiki. Anza na "he" na "she", kwa kuwa kiambishi "a-" hakitofautishi mke na mume, na mtahini akikuta chifu ameitwa "she" hajui tena anasoma habari za nani. Pili, nyakati: matukio ya kitabu huelezwa kwa wakati uliopo, "the chief hides the goat". Makosa mengine, kama "it reached a time whereby", yasubiri wiki nyingine.

Rudisha madaftari kesho yake, si baada ya wiki mbili, na uwape dakika kumi darasani waandike upya sentensi mbili ulizozizungushia duara.