Mpeleke Dirishani: kichanga wetu akizaliwa Uingereza

Mwanangu wa kwanza alizaliwa Birmingham mwezi wa Januari, wakati ambapo saa kumi na moja jioni nje ni giza totoro. Siku ya tatu mkunga alikuja nyumbani, akamtazama chini ya taa ya sebuleni, akasema rangi yake nzuri. Kesho yake asubuhi nikampigia mama Tanga kwa video. Hakuuliza uzito wala jina. "Mpeleke dirishani," akasema, "halafu nifunulie jicho." Weupe wa jicho ulikuwa umeingia rangi ya bizari: manjano ya kichanga. Kabla ya adhuhuri tulikuwa hospitalini, na jioni mtoto alikuwa amelazwa chini ya taa ya buluu, macho yamefungwa kitambaa.

Yule mkunga hakuwa mzembe. Alitazama kama alivyofundishwa, na mafunzo yale yalijengwa juu ya ngozi nyeupe. Chukua alama za Apgar, zile wanazompa mtoto dakika ya kwanza na ya tano baada ya kuzaliwa. Zilibuniwa mwaka 1952 na Virginia Apgar, daktari wa dawa za usingizi huko New York: mapigo ya moyo, pumzi, ukakamavu wa misuli, anavyoitikia akiguswa, na rangi. Kila kimoja hupewa 0 hadi 2. Kwa rangi, mbili kamili ni za mtoto aliye wa waridi mwili mzima. Wetu atakuwa wa waridi wapi? Mwaka 2023 ripoti ya taasisi inayoshughulikia usawa wa rangi na afya ndani ya NHS, huduma ya afya ya serikali huku, ilisema waziwazi kwamba vipimo vya vichanga vinavyotegemea rangi ya ngozi vinahitaji kuangaliwa upya. Basi mpaka waviangalie, jicho la kwanza ni lako.

Mvue mtoto nguo karibu na dirisha, mchana, chumba kikiwa na joto. Tazama weupe wa macho. Shusha mdomo wa chini uone ufizi. Bonyeza kidole taratibu kwenye ncha ya pua au kifuani, kisha achia, uone ngozi inarudi na rangi gani. Tazama viganja na nyayo. Usihukumu kwa shavu, maana watoto wetu wengi huzaliwa weupe na kukolea baadaye. Ndiyo maana bibi zetu hutazama ncha za masikio kujua mtoto atakuwa wa rangi gani. Ukihofia upungufu wa hewa, tazama ulimi na ndani ya mdomo. Mikono na miguu kuwa ya kibuluu siku ya kwanza au ya pili ni kawaida, lakini ulimi wa kibuluu au wa kijivu ni kupiga 999, namba ya dharura, papo hapo.

Manjano yenyewe si ajabu. Watoto takriban 6 kati ya 10 waliotimiza miezi huyapata wiki ya kwanza, na wengi hupona bila tiba. Kinachotisha ni wakati na mwenendo. Yakionekana ndani ya saa 24 za kwanza, usingoje mkunga arudi, piga simu saa ileile. Yakipita siku 14, lazima damu ipimwe. Mtoto anayelala mno hata kunyonya hataki, anayelia kwa sauti kali isiyo yake, au anayejikunja mgongo kwa nyuma, huyo ni wa hospitali leo. Choo cheupe kama chokaa na mkojo uliokoza vinaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa ini. Mkojo wa kichanga hautakiwi kuacha rangi kwenye nepi.

Na hapa kuna haki ambayo wengi hatuijui: mwongozo wa Uingereza unasema manjano yakishukiwa, yasipimwe kwa macho tu. Kiwango cha bilirubini, ile rangi ya njano iliyomo kwenye damu, kipimwe, kwa kifaa kinachogusishwa kwenye ngozi au kwa damu, ndani ya saa 6. Kwa mtoto asiyetimiza saa 24, ni kwa damu, ndani ya saa 2. Kwa hiyo ukiambiwa "naona yuko sawa", jibu kwa adabu: naomba apimwe bilirubini. Huo si ubishi.

Mama baada ya kuniokoa akanipa na agizo lake: mwanike juani kila asubuhi. Nikasema haya, mama. Sikumwanika. Ni kweli mwanga hutibu manjano, lakini taa ya hospitali ina nguvu iliyopimwa, na jua la dirishani haliwezi kushika nafasi yake. Zaidi ya hapo, unamvua kichanga kwenye baridi. Jua lenyewe huku ni haba, ndiyo sababu anayenyonya anashauriwa matone ya vitamini D, mikrogramu 8.5 hadi 10 kila siku tangu kuzaliwa.

Jambo ambalo sijaona likiandikwa kwenye vipeperushi vyao ni sanduku la kanga. Kwetu nguo nzuri hutunzwa na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, nafthalini. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, unaopatikana sana kwa watu wenye asili ya nchi za malaria na hasa kwa wavulana, hufanya nafthalini ivunje chembe za damu za mtoto, na manjano yapande ghafla. Kanga ya bibi ikinuka dawa, mfunikie mtoto kitu kingine. Kipimo cha damu ya kisigino cha siku ya tano hakiangalii G6PD. Kinaangalia selimundu na magonjwa mengine kadhaa, na usikikatae.

Kuna na mabaka ya kibuluu au kijivu mgongoni na makalioni. Wengi wetu tumezaliwa nayo na hayana neno. Huku mtu asiyeyajua anaweza kudhani ni michubuko ya kipigo, ukajikuta unahojiwa na watu wa ustawi wa jamii. Mwambie mkunga ayaandike kwenye kitabu chekundu cha mtoto, kile cha kumbukumbu za afya yake, wiki ya kwanza, mahali yalipo na ukubwa wake.

Mengine ni mafupi. Kuanzia takriban siku ya sita hesabu nepi sita au zaidi zenye mkojo kwa siku. Kitovu kiache kikavu, maji safi yanatosha, si majivu wala dawa ya meno. Asali hapana hadi atimize mwaka. Wanja hapana kabisa, mwingi una madini ya risasi. Alale chali, kwenye kitanda chake, chumba kiwe nyuzi 16 hadi 20, kichwa wazi. Najua. Sisi tunaona theluji tunamvisha sweta tatu na kofia ndani ya nyumba yenye hita. Mguse kifua au shingo kwa nyuma: akitoa jasho, mpunguzie. Homa ya nyuzi 38 kwa mtoto chini ya miezi mitatu si ya kungoja asubuhi.

BCG, chanjo ya kifua kikuu, huku hawampi kila mtoto. Wetu anastahili kwa kuwa mzazi au bibi na babu wamezaliwa nchi zenye kifua kikuu kingi, na hutolewa akiwa na siku 28 au zaidi kidogo. Barua isipofika, iulizie mwenyewe.

Unapopiga 111, namba ya ushauri wa afya ya NHS, kama Kiingereza kinakupiga chenga, taja kwanza lugha: "Swahili". Watakuunganisha na mkalimani bila malipo. Usimpe simu mtoto wako wa darasa la tatu atafsiri. Atasema mdogo wake ana homa ya manjano, nao wataanza kuuliza mbu na safari za Afrika.