Mkahawa wa mtaani Uingereza: ingia, agiza, kaa

Nilikaa Leeds miezi minane bila kukanyaga mkahawa ulio hatua chache tu kutoka mlangoni kwangu. Nikipita nachungulia dirishani, naona watu wameinamia kompyuta kimya kama wako kwenye mtihani, naenda zangu. Mimi ni mtoto wa Tanga. Kahawa ninayoijua hujileta yenyewe: muuzaji anapita na birika lenye mkaa chini, anagonganisha vikombe, unanyoosha mkono, unakunywa chungu na kipande cha kashata, ubishi wa mpira unaendelea. Sasa mtu akuwekee ubao wa majina kumi na mawili, na nyuma yako kuna foleni!

Baridi ya Januari ndiyo iliyoniingiza. Nawaandikia mnaoendelea kuchungulia.

Nazungumzia mkahawa wa mtu binafsi, si wa kampuni yenye matawi kila kona. Kwenye tawi utahudumiwa vizuri tu, ila wahudumu hubadilika kila mara. Huyu wa mtaani, ukienda siku ile ile kila wiki, mwezi hauishi hajakujua. Fundi wangu wa baiskeli nimempatia kaunta, na chumba ninachoishi sasa nilikiona kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pale.

Ukiingia, usikae ukasubiri kuhudumiwa. Kwa kawaida unapanga foleni, unaagiza na kulipa pale pale kaunta. Ukikaa ndani unaweza kupewa kibao chenye namba, unakiweka mezani, kahawa inakufuata. Beba kadi, maana wengi hawapokei tena noti. Utaulizwa kama unakaa au unaondoka nayo. Mara ya kwanza nilidhani wananifukuza kwa adabu, kumbe ni mambo ya kodi. Keki au sandwichi baridi ukiila ndani inatozwa VAT ya asilimia 20; ukiondoka nayo haitozwi. Ndiyo maana baadhi ya maduka yana bei mbili. Kinywaji cha moto hakina ujanja huo, kinatozwa popote utakapokinywea.

Kahawa ya maziwa ni kama pauni 4. Usianze kuzigeuza kuwa shilingi ukiwa kaunta; nilifanya hivyo siku moja, nikaishia kuomba maji. Tipu si lazima, ukipenda tumbukiza sarafu kwenye mtungi wao. Ndugu zetu wa Marekani ndio wenye mtihani: bei ya ubaoni mara nyingi haina kodi ndani yake, halafu unageuziwa skrini uchague asilimia ya tipu huku muuzaji anakutazama.

Majina yale mengi yanatofautiana zaidi kwa kiasi cha maji au maziwa yanayotiwa kwenye espreso. Espreso yenyewe ni kahawa nzito ya mafunda mawili, kama kikombe chetu cha kijiweni. Amerikano ni hiyo hiyo iliyoongezwa maji ya moto. Late ina maziwa mengi, kapuchino ina povu jingi, flati waiti ina maziwa kidogo kuliko late na ladha ya kahawa inabaki. Kama hujui uanzie wapi, anzia na hiyo flati waiti.

Ila jihadhari na chai late. Nililiona neno chai ubaoni, moyo ukaruka. Nikaletewa glasi ya maziwa matamu yenye mdalasini, kama uji wa mgonjwa, majani ya chai hata huyasikii. Duka silitaji. Ukitaka chai, agiza ya kawaida. Utaletewa kijibuli, kifuko cha majani na maziwa baridi pembeni. Si ile ya kuchemshiwa maziwa, lakini majani yenyewe huenda yametoka Kericho.

Utamu hasa uko kwenye rafu. Ile mifuko ya gramu 250 ina majina ya nyumbani: Nyeri, Kirinyaga, Kayanza, Kivu, Mbeya, Mlima Elgon. Tafuta tarehe ya kukaangwa, na uchukue isiyozidi mwezi. AA kwenye kahawa ya Kenya ni ukubwa wa punje, si zawadi ya ubora. Ukiona SL28, hiyo ni aina ya mbuni iliyochaguliwa miaka ya 1930 kwenye maabara ya Scott, Kenya, kutoka mibuni ya Tanganyika iliyostahimili ukame. Watani wangu Wakenya sipendi kuwakumbusha hilo, lakini huwa nawakumbusha.

Funda la kwanza litakushtua. Hawa hukaanga kahawa kidogo tu, ibaki na uchachu wa matunda. Sisi tumezoea iliyokolea moto. Haijaharibika, usiirudishe. Mara nyingine omba iliyokaangwa zaidi.

Kukaa nako kuna adabu yake. Kikombe kimoja kinakupa saa moja hivi kwa raha. Mchana watu wakijaa nawe kikombe kimekauka, agiza kingine au inuka. Simu usiiweke spika. Mama mpigie ukiwa nje. Wala usimwalike mtu jioni bila kutazama saa zao, wengi hufunga saa kumi au saa kumi na moja.

Ukinunua mfuko, waambie utaipikia nini, watakusagia bure. Mimi nilisema sufuria. Barista, yaani mtengeneza kahawa wao, akaacha mashine, akataka kujua sufuria ya namna gani. Nikamweleza: maji yachemke na tangawizi na iliki, kahawa ifuate, iachwe itokote. Alinyamaza kidogo, akasaga. Wiki iliyofuata aliniuliza tangawizi kiasi gani.