Kiungulia na Maumivu ya Chembe ya Moyo: Namna ya Kumhudumia Mteja Dukani

Mteja mwenye matatizo ya tumbo la juu mara nyingi hafiki dukani kueleza shida yake, bali hufika akiwa na jibu tayari. Husimama kaunta akaomba omeprazoli, yaani dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, au dawa ya vidonda vya tumbo, au ile dawa nyeupe ya maji aliyoitumia jirani yake, na akiulizwa swali huona anacheleweshwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu na famasi nchini Tanzania, na msingi wake ni kwamba maswali yatangulie dawa, kisha dawa itoke dukani ikiwa na saa ya kumezwa na siku ya kuachwa.

Maswali ya kuanzia

Jiridhishe kwanza kwamba aliye mbele yako ndiye mgonjwa, kwa sababu wengi wanaofika wametumwa. Kisha mwombe aonyeshe kwa mkono mahali panapomsumbua. Kiungulia huanzia nyuma ya mfupa wa kifua na kupanda kuelekea kooni, huleta uchachu mdomoni, na huzidi mtu anapoinama au kulala akiwa ameshiba. Maumivu yanayotulia kwenye chembe ya moyo, yakiambatana na kushiba upesi, kubeua na tumbo kujaa, ni kundi jingine, ingawa wapo walio na yote mawili. Uliza pia hali hiyo ilianza lini, huja saa ngapi, ina uhusiano gani na chakula, mgonjwa ana umri gani, na kama ni mwanamke, kama anaweza kuwa mjamzito.

Swali lenye manufaa kuliko yote ni lile la dawa nyingine anazotumia, na halijibiwi vizuri likiulizwa kwa ujumla, kwa kuwa watu wengi hawahesabu dawa ya maumivu kuwa dawa. Uliza waziwazi: unatumia chochote cha mgongo, cha magoti, cha kichwa, cha hedhi? Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hudhoofisha ute na mtiririko wa damu unaoukinga ukuta wa tumbo dhidi ya asidi, na kidonda kinacholetwa na dawa hizi kinaweza kuvuja damu bila kuuma sana kabla. Kumuuzia mtu wa aina hiyo omeprazoli huku akiendelea kumeza diklofenaki kila jioni ni kuuza dawa mbili zinazovutana. Mshauri aache diklofenaki na atumie parasetamoli kwa kipimo sahihi, lakini aspirini ya kila siku aliyoandikiwa kwa ajili ya moyo usimwachishe wewe; mrudishe kwa daktari wake. Doksisaiklini, ambayo ni antibayotiki, nayo huunguza umio ikikwama njiani, hivyo imezwe kwa bilauri nzima ya maji, na mgonjwa asilale kwa angalau nusu saa.

Wasiopaswa kuuziwa dawa na kuondoka

Wapo wateja ambao huduma yao bora ni kuelekezwa kituo cha afya siku hiyohiyo: anayetapika damu au kitu kinachofanana na machicha ya kahawa, anayepata choo cheusi kinachonata kama lami, anayetapika mfululizo, na mwenye maumivu makali ya ghafla huku tumbo limekakamaa. Kabla ya kuhitimisha kuhusu choo cheusi, uliza kama anatumia vidonge vya kuongeza damu au dawa yenye bismathi, kwani zote hufanya choo kiwe cheusi. Hata hivyo, ukibaki na shaka, mpe rufaa. Anayepungua uzito bila sababu, mwenye dalili za upungufu wa damu, au anayehisi chakula kinakwama anapomeza, naye anahitaji uchunguzi wa haraka hata kama leo anatembea vizuri.

Kuhusu umri, miongozo ya nchi nyingi huelekeza kwamba dalili zinazoanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 55 au 60 zichunguzwe. Kwetu kigezo hicho kisitumike kumtuliza kijana. Ukanda unaoanzia Ethiopia na Kenya, ukapita Tanzania hadi Malawi na kusini zaidi, una saratani ya umio kwa wingi usio wa kawaida, na ugonjwa huo huwapata hata watu walio chini ya umri huo.

Moyo nao hujificha nyuma ya kiungulia. Mgonjwa anayeeleza kubanwa kifua kunakosambaa hadi taya, bega au mkono, akitoka jasho jembamba na kupumua kwa shida, hasa akiwa na kisukari, shinikizo la damu au historia ya kuvuta sigara, asipewe dawa ya kupoza asidi ili aangaliwe kama atapata nafuu. Apelekwe hospitali mara moja.

Kuchagua dawa na kuieleza

Kwa kiungulia kinachokuja mara mojamoja, vidonge au maji yenye magnesiamu na aluminiamu vinatosha. Vidonge vitafunwe kwanza, chupa itikiswe, na dawa inywewe takriban saa moja baada ya chakula na wakati wa kulala, au dalili zinapojitokeza. Magnesiamu huelekea kuharisha, aluminiamu huelekea kufunga choo, ndiyo maana huchanganywa. Mwenye ugonjwa wa figo asiuziwe bila ushauri wa daktari. Magadi na chumvi za kuyeyusha kama Eno hupoza haraka, lakini zina sodiamu nyingi, kwa hiyo hazimfai mwenye shinikizo la damu, moyo uliodhoofika au figo mbovu.

Dawa hizi za kupoza asidi hushikamana na dawa nyingine tumboni na kuzizuia zisifyonzwe. Vidonge vya kuongeza damu na doksisaiklini vitenganishwe nazo kwa saa 2 au zaidi, na antibayotiki ya siprofloksasini imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Linalosahaulika zaidi ni dolutegraviri, iliyomo katika dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zinazotumiwa na wagonjwa wengi nchini: imezwe saa 2 kabla ya dawa ya kupoza asidi au saa 6 baada yake. Hili halihitaji kumuuliza mteja hali yake mbele ya foleni. Inatosha kumwambia kila anayenunua dawa ya kupoza asidi kwamba, kama ana dawa yoyote ya kila siku, aitenganishe kwa muda huo, na kwamba anaweza kurudi kuuliza faragha.

Dalili zikitokea siku 2 au zaidi kwa wiki, omeprazoli ya miligramu 20 mara moja kwa siku ndiyo inayofaa, iwapo aina ya duka lako inaruhusiwa kuitoa. Makosa ya matumizi yake ni mengi kuliko ya dawa nyingine yoyote ya tumbo. Wengi huimeza baada ya kula, au pale tu tumbo linapowaka, ilhali dawa hii huzima pampu za asidi zinazoamshwa na chakula, na kwa hiyo inatakiwa imezwe dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa. Nguvu yake kamili huchukua siku 1 hadi 4; asiyeambiwa hilo huiacha siku ya pili akidai ni bandia. Kapsuli imezwe nzima, chembechembe zake zisisagwe. Ukomo wake bila daktari ni siku 14. Aliyeitumia kwa miezi anaweza kupata kiungulia kikali anapoiacha, kwa sababu tumbo huzalisha asidi kwa wingi kwa muda, na hilo si ushahidi kwamba anaihitaji maisha yake yote. Anayetumia klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, asipewe omeprazoli. Mpe rufaa abadilishiwe.

Ranitidini iliyozoeleka zamani iliondolewa katika soko la Marekani mwaka 2020 baada ya kugundulika kuwa na kemikali inayohofiwa kuleta saratani. Anayeiulizia anaweza kupewa famotidini ikiwepo.

Kuhusu Helicobacter pylori, bakteria anayeleta vidonda vya tumbo, ambaye Barry Marshall na Robin Warren walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua, msimamo wangu ni mkali: pakiti za antibayotiki za siku 14 zisiuzwe kwa kuombwa tu. Kipimo cha damu huonyesha kinga ambayo hubaki hata baada ya bakteria kuisha, hivyo majibu yake pekee hayatoshi. Kipimo cha choo au cha pumzi ndicho cha kutegemea, na tiba iandikwe kwenye cheti cha daktari.

Mjamzito mwenye kiungulia kidogo anaweza kupewa dawa yenye aljineti au kalsiamu, mbali na saa ya vidonge vyake vya kliniki. Ila maumivu ya chembe ya moyo baada ya wiki 20 za mimba, yakiwa na kuumwa kichwa, kuona maluweluwe au kuvimba uso, yanaweza kuwa kifafa cha mimba kinachokaribia, na hapo dakika zina maana. Mtoto mdogo anayetapika apewe maji ya ORS kwa vijiko na apelekwe akapimwe, malaria ikiwa mojawapo ya vipimo. Metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, si ya kumkatia mtoto kidonge nusu. Huweza kukakamaza shingo na macho, na hata kwa mtu mzima isizidi siku 5.

Chakula, kulala na kufunga

Ushauri wa chakula usiwe orodha ndefu ya makatazo. Pilipili na maharage havitoboi tumbo. Aache kile tu anachokiona kinamsumbua. Maziwa hupoza kwa muda mfupi kisha huchochea asidi. Lenye uzito zaidi ni kumaliza kula muda wa saa 3 kabla ya kulala, kupunguza pombe na sigara, kupunguza uzito uliozidi, na kuinua kichwa cha kitanda sentimita 15 hadi 20 kwa matofali, kwani kuongeza mito hukunja tumbo tu. Chai iachwe ipoe kidogo: mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliweka vinywaji vinavyozidi nyuzi joto 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Mwezi wa Ramadhani, omeprazoli imezwe nusu saa kabla ya daku, au ifunguliwe nayo kwa maji kisha futari kamili icheleweshwe kidogo. Na futari igawanywe, isiliwe yote kwa mkupuo.

Andika juu ya bahasha saa ya kumeza na tarehe ya kuacha. Mteja akirudi kununua tena baada ya siku 14 bila nafuu, au kiungulia kikirejea upesi kila anapoacha, mwandikie karatasi fupi ya rufaa inayotaja dawa alizotumia na kwa muda gani. Taja hasa siku aliyomeza omeprazoli mara ya mwisho, kwa kuwa kipimo cha choo au cha pumzi huhitaji awe ameiacha kwa wiki 2, na antibayotiki kwa wiki 4.