Namna ya Kupima Mapema Maradhi ya Kurithi ya Kuzidi Chuma Mwilini

Unguja na Pemba tumezoea kuhofia upungufu wa damu, lakini zipo familia ambazo miili yao hufyonza chuma kupita kiasi, na kwa kuwa mwili hauna njia ya kukitoa kilichozidi, hujilimbikiza miaka mingi kwenye ini, moyo na kongosho bila ya dalili yoyote.

Anza kwa wazee. Waulize kama katika ukoo yupo aliyeharibikiwa na ini pasi na sababu kujulikana, au aliyepata kisukari huku ngozi ikizidi weusi. Aina inayotokana na jeni ya HFE, iliyotambuliwa mwaka 1996, huwapata zaidi wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini. Kwetu, penye nasaba za Mrima, Oman na Bara Hindi, thalasemia, ugonjwa wa kurithi wa damu ambao nao huweza kuzidisha chuma mwilini, isisahauliwe. Ndugu wa baba na mama mmoja na mgonjwa wa HFE kwa kawaida ana uwezekano wa robo wa kuurithi ugonjwa huo, kwa hiyo apimwe hata akiwa mzima wa afya.

Mwombe daktari vipimo viwili kwa pamoja: feritini (protini inayohifadhi chuma), na asilimia ya transferini (protini inayosafirisha chuma kwenye damu) iliyobeba chuma. Asilimia ikizidi 45, au feritini ikipita mikrogramu 300 kwa lita kwa mwanamume na 200 kwa mwanamke, uchunguzi uendelee. Usipime ukiwa na homa, kwani maambukizi hupandisha feritini.

Mwenye vinasaba vya thalasemia huonekana ana chembe ndogo za damu, akadhaniwa amepungukiwa chuma, akameza vidonge vya kuongeza damu kwa miaka. Chuma si kitu cha kumezwa kwa kubahatisha: utafiti uliofanywa Pemba na kuchapishwa mwaka 2006 ulionesha kuwa watoto wadogo waliopewa chuma na foliki asidi, penye malaria nyingi, walizidi kulazwa na kufariki. (Mjamzito aliyepewa vidonge kliniki asiviache bila ya kushauriana na mkunga wake.)

Mgonjwa wa HFE hutolewa damu, takriban mililita 450 hadi 500 kwa wiki, mpaka feritini ishuke; chuku haitoshi. Mgonjwa wa thalasemia, ambaye damu yake ni haba, hapaswi kutolewa damu, bali hupewa dawa za kuondoa chuma.