Kabla ya kufunga vihisi vya upepo wa tairi kwenye pikipiki, badilisha valvu

Vihisi vidogo vinavyopima upepo wa tairi na kukuonya, vinavyofungwa juu ya valvu, mahali pa kifuniko, vinasaidia sana, ila usivifunge kwenye valvu ya mpira. Kihisi kina uzito wa gramu kama 10, na gurudumu likienda kasi uzito huo huivuta valvu kwa nguvu kubwa. Mpira unapindapinda, mwisho unapasuka shinani, na tairi lisilo na tyubu linaishiwa upepo ghafla. Tafuta valvu ya chuma inayokazwa kwa nati. Pima kwanza tundu la rimu. Mengi ni milimita 8.3 au 11.3. Valvu yenye kona ya nyuzi 90 ndiyo nzuri zaidi, lakini zungusha gurudumu taratibu kwa mkono uhakikishe kihisi hakigusi kalipa ya breki (kile kinachobana diski).

Kihisi huikandamiza pini ya valvu muda wote, kwa hiyo kinachozuia upepo ni kile kimpira cha ndani ya kihisi tu. Kaza kwa vidole, paka maji ya sabuni. Ukiona povu, fungua, futa vumbi, rudia.

Onyo la kihisi lipangwe kwa kipimo cha tairi baridi. Kama kitabu cha pikipiki kinasema psi 36 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo), weka la chini 31 na la juu 45. Safarini tairi likipata moto litasoma 40 hivi, usilipunguze upepo. Halafu gurudumu lipimwe balansi kihisi kikiwa kimefungwa.