Umedayeti miaka, sasa unawaza dawa ya kupunguza uzito? Anzia hapa

Kwanza usijilaumu jamani, mwili ukipungua unaongeza njaa wenyewe, ndo maana kilo zinarudi, sio uvivu. Chukua daftari uandike kila dayeti uliyofanya, ilidumu muda gani, kilo ngapi zilitoka na ngapi zikarudi, hilo daftari nenda nalo kwa daktari. Pima BMI (kipimo cha uzito kulingana na urefu): kilo zako gawanya kwa urefu kwa mita, jibu ligawanye tena kwa urefu huohuo. Wegovy, sindano ya kupunguza uzito, kwa kawaida ni ya wenye BMI 30 kwenda juu, au 27 ukiwa na shida kama presha. Daktari mwambie yote, hasa kama unapanga mimba (inaachwa miezi 2 kabla), kongosho limewahi kukusumbua au kwenu kuna kansa ya thairoidi (tezi ya shingoni). Sindano ni mara 1 kwa wiki, unaanza miligramu 0.25 unapanda taratibu, kichefuchefu na kufunga choo vinawapata wengi.

Ila swali zito ni hili na watu wanalikwepa sana: ukiacha, uzito mwingi hurudi, kwa hiyo jiulize kama utaweza kuilipia miaka, sio miezi. Na tafadhali, usinunue mtandaoni bila cheti cha daktari.